Yaya wa Kamera

Mimi nilikwenda ufukweni kupumzika. Naomba hilo lieleweke mapema, maana kwa hali niliyorudi nayo, mtu angedhani nilikwenda kumwaga zege.

Kosa langu ni moja: nina kamera. Si simu, kamera yenyewe, ile ya lenzi za kubadilisha. Ukiwa na kitu hicho kwenye ukoo, hesabu umeajiriwa bila mshahara. Ukisikia "twendeni tukaogelee," usidhani nawe umo. Wewe utabaki nchi kavu na begi.

Kwenye gari shemeji alikuwa amewasha kiyoyozi mpaka meno yanagongana. Tumefika, nimeshuka, nimeinua kamera niwapige watoto, naona maziwa matupu. Nikafuta lenzi kwa pindo la fulana. Sekunde mbili, maziwa tena. Shemeji akaniuliza kama macho yangu yako sawa. Shemeji, kiyoyozi ni chako! Kitu kilichopoa kikitoka ghafla kwenye hewa ya joto yenye unyevu, kinatoa jasho kama glasi ya maji ya barafu. Dawa yake ni kuifunga kamera kwenye mfuko wa nailoni ungali kwenye baridi, ukaukaza vizuri, ukaiacha ipate joto taratibu kama nusu saa hivi; hilo jasho litabaki nje ya mfuko. Mimi dawa hiyo naijua miaka yote. Na mfuko nilibeba. Ila mama watoto alishatia humo ndala za watu sita.

Sasa mchanga. Ah, mchanga! Punje moja, ndogo kuliko chawa, ilitua kwenye ule ufa kati ya pete ya kukuzia picha na mwili wa lenzi. Niliiona. Nahisi nayo iliniona. Nikasema nisiguse chochote, nitafute ile pampu yangu ndogo ya mpira, niigeuze kamera itazame chini, nipulize taratibu idondoke. Shemeji hakungoja. "Lete hapa," akaikamata, akavuta pumzi ya mpiga tarumbeta, akapuliza kwa mdomo. Punje ikazama ndani. Juu ya kioo yakabaki mate. Akataka kuyafuta kwa taulo alilokuwa amelilalia! Nikamnyang'anya kwa nguvu ambayo sikujua ninayo. Mchanga wenye kwatzi, yale madini magumu, ni mgumu kuliko kioo. Ukiusugua juu ya lenzi hufuti, unachora. Ndiyo maana huwa nafunga mbele ya lenzi kile kichujio cha kioo kisicho na rangi, ili kikichubuka, kichubuke chenyewe.

Halafu binamu mmoja, kwa moyo mweupe kabisa, akauliza mbona sibadilishi lenzi, ile nyingine ndefu inaonekana ya kitaalamu zaidi. Hapo hapo, kwenye upepo! Hiyo ni sawa na kumpasua mgonjwa barabarani huku magari yanapita.

Nikaitwa nimpake mwanetu mdogo mafuta ya kukinga jua. Nimepaka, mikono inateleza kama kambare, na papo hapo: "Piga basi, wimbi zuri hilo linakuja!" Hebu niambieni, nishike kwa kitu gani? Nikashika kwa ncha za vidole viwili, dole gumba likateleza, likatua katikati ya kioo. Picha kumi na nne za wimbi zuri, zote zina ukungu wa mafuta.

Jua nalo lina yake, lakini hilo sibishani nalo. Lenzi inakusanya mwanga. Ukiiacha wazi imelielekea jua inaweza kuunguza vilivyomo ndani. Na usichungulie jua kwenye kile kitundu cha kamera cha kutazamia, maana jicho halina duka la vipuri.

Ikafika picha ya pamoja. "Rudi nyuma kidogo, sote tuingie." Nikarudi. "Kidogo tena." Nikarudi. Nilikuwa nimeipa bahari mgongo, na bahari haipendi dharau. Wimbi lilinipiga magotini, nikakaa kitako ndani ya maji, mkono mmoja juu kama nauliza swali darasani. Mkanda ulikuwa shingoni, kamera ikapona na matone tu. Matone tu! Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi. Maji yanakauka yanaondoka, chumvi inabaki kula vyuma. Nikakaa pembeni na kitambaa nilichokilowesha kwa maji ya kunywa na kukikamua, nafuta kitufe kimoja kimoja, wenzangu wanacheka mpaka wanakohoa.

Na shukrani zake? Jioni wanaangalia picha: "Mbona hatuna sura, tumekuwa vivuli?" Kwa sababu mchanga ule unang'aa, kamera inadhani mwanga umezidi inajibana, nilitakiwa niongeze mwanga hatua moja. Ningeongeza saa ngapi, nikiwa nimekaa baharini?

Wiki ya tatu sasa. Juzi nilikuwa nazungusha ile pete sebuleni, ikalia krrr. Mwanetu mdogo akaacha kuchora, akaja akabandika sikio kwenye lenzi kama watu wanavyofanya na kombe la baharini.

"Baba," akasema, "zungusha tena. Nasikia ufukwe."