Kumsinzisha mzee si kumwondolea maumivu

Mzee aliyevunjika nyonga anapofikishwa katika chumba cha upasuaji, dakika zinazomtesa zaidi ni zile za kabla ya kuchomwa ganzi ya mgongoni, wala si zile za kisu. Hana budi kukalishwa au kulazwa ubavu na kuupinda mgongo ili nafasi kati ya pingili zifunguke, na hapo ndipo mfupa uliovunjika husagana. Namkumbuka bibi mmoja aliyenishika mkono hadi kucha zake zikaacha alama, huku muuguzi akimbembeleza, "Inama kidogo tu, bibi, tunamaliza sasa hivi." Tulikuwa tumempa midazolamu. Alikwisha kulewa dawa, hajui alipo, lakini maumivu aliyajua vizuri.

Midazolamu husinzisha na kufuta kumbukumbu, maumivu haiyagusi. Mtu anayeumia huku akili imelegezwa hawezi tena kueleza anapoumia, basi hupigana, nasi tunamwita msumbufu na kumwongezea dozi. Kwa maoni yangu, kabla ya kumgeuza apewe dawa ya maumivu yenyewe: ganzi ya neva za paja, inayochomwa karibu na kinena na kuachwa kama nusu saa ishike, au ketamini kwa kipimo kidogo. Pasipo ultrasaundi, aliyefundishwa huweza kuichoma ganzi hiyo kwa kuhisi sindano ikipenya matabaka mawili.

Ganzi ya mgongoni ikishashika, linalobaki ni utulivu. Anayetaka kulala apewe dawa kidogo kidogo, kwa kuwa mwili wa uzeeni huchelewa kuitoa na pumzi hupungua upesi, tena awe na oksijeni na kipimo chake kidoleni. Wengi, hata hivyo, hukerwa na baridi ya chumba, mlio wa nyundo, na kuachwa bila wa kuzungumza naye. (Kifaa cha kusikia, tafadhali, kisivuliwe mlangoni.)

Sidai kwamba kupunguza usingizi huzuia kila kuweweseka (kuvurugika akili) baada ya upasuaji. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, wa wagonjwa 200 wenye miaka 65 na zaidi waliotengenezwa nyonga kwa ganzi ya mgongoni, haukuona tofauti ya maana kwa jumla kati ya usingizi mwepesi na mzito. Ni kwa wale wasio na magonjwa mengi mengine tu ndipo usingizi mzito ulipoambatana na kuweweseka zaidi. Kwangu hilo latosha tuulize, kabla ya kuchoma dawa ya usingizi, kama mgonjwa aitaka.

Kisha ganzi huisha, na hapa wodini ndipo tunapozembea. Parasetamoli itolewe kwa saa zilizopangwa, bila kungoja mzee alie. Pethidini, dawa nyingine ya maumivu, ni afadhali iepukwe, kwani huwavuruga wazee akili. Asubuhi ya pili nilimwuliza yule bibi hali yake. "Sijambo, mwanangu," akajibu, mkono umekaza ukingo wa godoro. Nilipomwomba akohoe, alinitazama tu, akatikisa kichwa.