Yule madamu wa ofisi ya gradi, mzigo au nguzo?

Kuna hoja inazunguka siku hizi kati ya watu wa masters na PhD hapa Kampala, kwamba vyuo vimejaza maofisa kupita kiasi, kwamba yule anayekaa ofisi ya gradi (ofisi ya chuo inayoshughulikia masters na PhD) akipokea fomu na kujibu simu za wanafunzi ni mzigo tu, heri mshahara wake waongezewe masupavaiza au ugeuzwe skolashipu, halafu kazi yake ifanywe na kompyuta. Si hoja ya wajinga. Wengi wanaoisema wameshaumia, mtu amekaa miaka minne kwenye masters ya miaka miwili na kila akipanda ngazi za ofisi anaambiwa rudi wiki ijayo, sasa wewe utamwambia nini?

Ila mimi naona hapo tunampiga aliye karibu kwa sababu ndiye mkono unamfikia. (Nasema madamu kwa mazoea, wako na wanaume.)

Zamani PhD ya Makerere ilikuwa kazi ya watu wawili, mwanafunzi na profesa wake, wanaonana, wanagombana, kitabu (tasnifu) kinatoka. Siku hizi mambo ni mengine. MISR, taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere, walianza PhD ya miaka 5 yenye kozi mwaka 2012, programu nyingine nazo zikafuata njia ya kozi, na chuo kimeandika kwenye mpango wake wa 2020 hadi 2030 kwamba kinataka kuwa chuo kinachoongozwa na utafiti. Mahafali ya miaka ya karibuni PhD zinapita 100 kwa mkupuo mmoja. Tunashangilia, ni sawa, lakini kila mmoja kati ya hao ana faili, na faili haitembei yenyewe.

Propozo inapita idara, inaenda kamati ya maadili, ukipata kibali chao unaingia UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia, kuomba ruhusa ya utafiti, na kile kibali cha kamati kinaisha baada ya mwaka kwa hiyo ukichelewa fildi unaanza kuomba kukiongeza. Unakusanya data, unaandika, masupavaiza wanasaini, unatoa notisi kwamba uko karibu kukabidhi, unakabidhi. Halafu wanatafutwa watahini, na hapa ndipo nataka tukae kidogo maana hapa ndipo watu wanazeekea.

Mtahini wa nje ni profesa wa chuo kingine, pengine Nairobi, pengine Dar es Salaam, pengine mbali zaidi. Ana madarasa yake, ana wanafunzi wake wanaomsumbua, na sasa ametumiwa kitabu cha kurasa 300 cha mtu asiyemjua, akisome kwa malipo madogo ambayo yenyewe yanachelewa. Anakubali kwa heshima tu. Mwezi unapita, wa pili, wa nne. Nani anamkumbusha? Mwanafunzi haruhusiwi, hata jina la mtahini hapaswi kulijua. Supavaiza akimsukuma itaonekana anamtafutia mtu wake upendeleo. Mkuu wa idara ana mitihani ya wanafunzi wa digrii ya kwanza, ana vikao, na mara nyingi kordineta wa gradi mwenyewe ni mhadhiri aliyebebeshwa hiyo kazi juu ya vipindi vyake. Anabaki madamu. Ndiye anaandika imeili ya kwanza kwa lugha tamu, ya pili kwa lugha tamu zaidi, anapiga simu, anagundua profesa alishahama chuo na ile imeili haifunguliwi tena, anarudi kwenye kamati kuomba ateuliwe mwingine, na kamati inakaa pale tu korami (idadi ya wajumbe inayotakiwa) inapotimia. Mfumo wa kompyuta ungekuandikia "inasubiri". Ni kweli, inasubiri!

Na hiyo miezi si ya bure jamani. Wakati kitabu chako kiko kwenye meza ya mtu Nairobi, wewe huku mwaka mpya wa masomo umeingia na unaweza kudaiwa kujisajili tena, unatoa PRN (namba ya malipo) unakwenda benki. Skolashipu ilishaisha. Nyumba ya Kikoni inataka kodi. Kama wewe ni mhadhiri msaidizi kutoka Gulu au Mbarara, mwajiri amekupa ruhusa ya masomo yenye mwisho na kupandishwa cheo kunangoja ile karatasi, na huwezi kuwaambia kitabu nimemaliza, nangoja tu mtu asome. Hawaelewi. Kuchelewa kwa PhD tunapenda kukuita uvivu wa mwanafunzi au ukali wa supavaiza, mara chache sana tunakuita imeili ambayo hakuna aliyeifuatilia. Kwenye taksi, yaani matatu, sifa anapewa dereva lakini anayejua nani anashukia wapi ni kondakta.

Kuna na wageni. Mkongomani amesoma Bukavu kwa Kifaransa, Kiingereza chake bado kinachechemea, ni nani anamwelezea kwa Kiswahili kwamba vyeti vya chuo vinapelekwa NCHE (baraza la elimu ya juu) kulinganishwa, na vile vya sekondari vinakwenda UNEB (baraza la mitihani), na kwamba pasi ya mwanafunzi ya uhamiaji inahitaji barua ya chuo? Tovuti iko, ndiyo, iko kwa Kiingereza. Na yako mambo ambayo hayaandikwi kwenye fomu yoyote, msichana ambaye supavaiza anamwita ofisini jioni jioni. Makerere ina sera ya unyanyasaji wa kijinsia tangu 2006, ila watu wengi hawaanzi na sera, wanaanza na mtu ambaye ameshawasikiliza kwa jambo dogo.

Sasa upande wa pili, na hapa wanaopinga wana neno zito kuliko lile la mishahara. (La mishahara mimi nalipuuza. Profesa kamili wa chuo cha umma anafika shilingi milioni 15 kwa mwezi, wasiofundisha tumewaona wakigoma kwa sababu nyongeza iliwapita pembeni, sasa ukigawa mshahara wa huyu madamu kwa masupavaiza wa koleji nzima kila mmoja anapata nini, ya rolex, ile chapati ya mayai?) Neno lao zito ni hili: ofisi inayosimama kwa wema wa mtu mmoja siyo ofisi. Akienda livu ya uzazi faili zote zinalala. Anayemfahamu anasaidiwa leo, asiyemfahamu anapanga foleni, na hata kama hakuna aliyeomba chochote watu wanaanza kuja na "soda" ya asante, banange tunajua soda inavyokua. Halafu kuna hili, kwamba akiziba kila tundu kimyakimya kwa simu yake na eyataimu yake, wakubwa hawaoni kabisa kwamba mabati yanavuja.

Hilo silibishi. Ila dawa wanayopendekeza inamtoa anayeziba na kuacha matundu. Wengi niliowaona kwenye hizo meza wako kwa kontrakti ya mwaka mmoja mmoja, wakati mwanafunzi wa PhD anakaa miaka 3 hadi 5, kwa hiyo faili yako inaweza kupita kwa watu watatu na kila mmoja anaanza kukuuliza jina. Wape ajira ya kudumu, wawe wawili ili mmoja akitoka mwingine ajue faili iko wapi, kila faili iwe na tarehe zinazoonekana kwa mwanafunzi pia, hapo hata yule wa soda atakosa kwa kujificha. Kompyuta iwepo, nani amekataa kompyuta, iwe mikononi mwao.

Na wanaotaka kupunguza watu ofisini waanze na kitu kimoja, malipo ya mtahini yatoke wiki ile ile ripoti inapofika. Imeili nyingi anazoandika madamu zitaisha zenyewe, halafu tuhesabu vizuri kazi iliyobaki ni ya watu wangapi.