Ratiba ya boti haihitaji megabaiti mbili za JavaScript

Ratiba ya boti ya Nansio ni nini jamani? Saa za kuondoka, saa za kufika, nauli. Basi. Sasa fungua mfumo mmoja wa tiketi unaosifiwa sana hapa Mwanza, kwa simu ya bei ya chini, ukiwa bandarini na mizigo miguuni: skrini nyeupe, kiduara kinazunguka, mpaka abiria anakata tamaa na kwenda dirishani. Ukiwauliza wenye mfumo, jibu ni lilelile: mtandao mbovu.

Mtandao unasingiziwa mengi. Picha ya kilobaiti 300 na JavaScript (msimbo unaoendeshwa na brauza ya simu) ya kilobaiti 300 si mzigo mmoja. Picha ikifika inafumuliwa pembeni, inaonekana, imekwisha. JavaScript ikifika ndiyo kwanza kazi inaanza. Zile 300 zilizobanwa zikifunguliwa hukaribia megabaiti nzima. Brauza izisome, izigeuze kuwa maagizo ya prosesa, izitekeleze. Na utekelezaji huo unapita kwenye uzi mkuu, uleule unaochora ukurasa na kupokea kidole chako. Kazi yoyote inayoushika uzi huo zaidi ya milisekunde 50 tayari inahesabiwa kuwa ndefu. Kompyuta ya ofisini Capri Point haioni shida. Simu ya abiria inaganda: anabonyeza "Lipa", kimya, anabonyeza tena, kimya, uzi ukiachiwa, mibonyezo yote miwili inapita kwa mpigo. Hongera, umemuuzia tiketi mbili.

Usiniambie "lakini sisi HTML, yaani ukurasa wenyewe, tunaiandika kwenye seva." Fremuweki nyingi, yaani mifumo ya kujengea tovuti, zikishaleta hiyo HTML hushusha tena JavaScript ya komponenti (vipande vya ukurasa) zilezile ili kuvipa vitufe uhai. Kwa hiyo ratiba inaonekana, ila vitufe vimekufa ganzi. Afadhali hata kile kiduara, hakidanganyi mtu.

Uzito wenyewe unatoka wapi? Angalia Moment, maktaba ya JavaScript ya kushughulikia tarehe. Ukiibeba na lugha zake zote ni kama kilobaiti 70 baada ya kubanwa, ili tu iandike "Jumatatu". Brauza ina `Intl.DateTimeFormat` tayari, ipe `sw-TZ` na siku itaandikwa kwa Kiswahili bure. Watunzaji wa Moment wenyewe walishasema mwaka 2020 isitumike kwenye miradi mipya, bado watu wanaibeba.

Fungua zana za wasanidi za Chrome, nenda Coverage, pakia ukurasa upya. Sehemu nyekundu ni msimbo uliopakuliwa bila kutumika. Bando la mtu limeliwa bure. Kisha nenda Performance, punguza kasi ya prosesa mara 6, ubonyeze kitufe chako mwenyewe. Jibu likichelewa kupita milisekunde 200, usitafute mchawi kwenye mnara wa simu.

Vifuatiliaji vya matangazo: futa.

Haya, nakubali, ramani ya kuonyesha boti iko wapi ziwani haiwezi kuwepo bila JavaScript, na kuchagua kiti kwa kugusa kunapendeza. Lakini ramani hiyo iitwe kwa `import()` pale mtu anapoigusa, siyo kumtwisha kila anayetaka kujua nauli tu. Skripti zinazobaki zipe `defer`, zisubiri ukurasa usomwe kwanza. Weka kikomo, tuseme kilobaiti 100 zilizobanwa kwa ukurasa wa kwanza, na kikipitwa toleo jipya lisipande kabisa. Bila hiyo kufuli kikomo kitadumu mpaka mteja aombe kitu cha kumetameta.

Kitufe cha kulipa kiwe ndani ya `<form method="post">` ya kawaida, ifanye kazi hata skripti isipofika. Kila fomu inayotoka kwenye seva ibebe namba yake ya mara moja, na namba hiyo ikirudi mara ya pili, seva irudishe tiketi ileile bila kukata hela tena.