Kujaza risasi kwa mkono: anayepunguza baruti naye yuko hatarini

Kila msimu wa uwindaji wa kitalii unapofunguliwa mwezi Julai, ubishi juu ya kujaza risasi kwa mkono hurudi Arusha, mji ambao kampuni nyingi za uwindaji zimeweka ofisi zake. Mgeni kutoka Marekani anashuka KIA na sanduku la bunduki, na kabla hata ya kuondoka kwenda kitaluni anamwambia mwindaji bingwa wake kwamba risasi zote amezijaza mwenyewe nyumbani, yaani amechukua ganda tupu, akatia fataki ya kuwashia, baruti na kichwa kinachoruka. Wapo wanaomsifu, na wapo wanaotamani azirudishe zilikotoka. Wapo pia Watanzania wenye leseni, waliochoshwa na bei ya boksi moja dukani, wanaouliza kwa nini wao wasiruhusiwe.

Wanaotetea wana historia upande wao. Risasi kubwa za revolva, bastola yenye silinda inayozunguka, zilitokana na watu wa namna hii. .357 Magnum ilitoka mwaka 1935, na .44 Magnum ikafuata mwishoni mwa 1955 baada ya Elmer Keith, mfugaji wa Idaho, kuijaza risasi ya .44 Special kwa miaka mingi kupita nguvu ya kiwandani. Na kiwanda nacho hukosea. Risasi ya bunduki, .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956, ilishindiliwa baruti kwenye ganda lisilo na nafasi ya kutosha. Katika baadhi ya risasi baruti iliganda ndani, zikatoka dhaifu mbele ya nyati na tembo. Jack Lott, mwindaji aliyerushwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, ndiye baadaye aliyebuni .458 Lott yenye ganda refu zaidi.

Wanaopinga hutaja mgandamizo, yaani msukumo wa gesi ya baruti inapoungua ndani ya silaha. Kiwango cha juu cha .357 Magnum huko Marekani ni paundi 35,000 kwa inchi ya mraba, wakati tairi la gari dogo tunalijaza kama 30 tu. Anayechezea nguvu hiyo kwa mzani wa mezani, wanasema, iko siku atazidisha.

Hapo ndipo ninapotofautiana na kambi zote mbili, kwa sababu zote zinaamini hatari iko upande mmoja tu, wa kuzidisha. Kwa baruti inayoungua haraka ni kweli: kipimo chake ni kidogo, kinajificha chini ya ganda, na ukimimina mara mbili bila kujua, bado kinaingia. Baruti inayoungua polepole inajaza karibu ganda zima, hivyo kipimo cha pili kitamwagika mezani ukione. Kwa hilo ni salama zaidi, na kichwa kizito hukipa kasi kubwa bila kupita kikomo, ingawa kwenye mtutu mfupi utalipa kwa mwali mkubwa na kelele.

Lakini baruti hizo zina masharti yake. H110, mojawapo ya baruti hizo za polepole, ambayo ni ileile inayouzwa pia kwa jina la W296, haitakiwi kupunguzwa zaidi ya asilimia 3 chini ya kipimo kilichomo kwenye kitabu cha vipimo vya kujazia. Punje zake zimepakwa kizuizi kinachochelewesha moto, na haziungui vizuri mpaka mgandamizo upande haraka. Ndiyo maana inataka fataki kali na mdomo wa ganda uliobanwa sawasawa kwenye kichwa cha risasi. Kubana huko kuna kazi ya pili: teke la revolva huvuta vichwa vya risasi zilizobaki kwenye silinda, na kimoja kikichomoza mbele, silinda haizunguki tena.

Sasa mtu mwoga apunguze robo nzima ili awe salama. Fataki inalipuka, baruti inaungua nusunusu, mlio unakuwa hafifu, na kichwa kinakwama katikati ya mtutu. Bastola ya kujipakia yenyewe mara nyingi ingegoma hapo. Revolva haigomi: ukivuta kifyatuo, silinda inazunguka, na risasi ya pili inaifuata ya kwanza. Mtutu unavimba au unapasuka. Dalili wanazozitegemea wajazaji, kama fataki iliyobapa au ganda linalogoma kutoka, hazisaidii kitu kwa kosa hili, na hata kwa kosa la kuzidisha huonekana ukiwa tayari umeshapita kikomo.

Kwetu bastola si silaha ya kuwindia, na kwa wanyama hatari kanuni zinataka bunduki isiyopungua kaliba ya .375. Tena Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimwachii mtu atengeneze risasi bila kibali. Je, mlango huo ulegezwe? Kwa sasa nasema hapana, wala si kwa kuwadharau mafundi wetu. Nenda gereji za Unga Limited uone: kipuri kikikosekana kinatafutwa kinachofanana, na gari linatembea mpaka Namanga. Ufundi huo naupenda, ila hapa ndio unaoua. Kitabu kinataja baruti moja kwa jina, kichwa cha uzito fulani na fataki ya aina fulani. Ukibadilisha kimoja unarudi kipimo cha kuanzia, na kwa H110 hata hicho kiko karibu sana na cha mwisho. Kabla ya kuwa na uhakika wa kuipata baruti ileile kila mwaka, kibali kitakuwa ruhusa ya kubahatisha.

Mgeni mwenye risasi zake nisingemfukuza. Ningemtaka afyatue kadhaa kambini wakati wa kulenga shabaha, mchana kwenye joto, kwa sababu risasi iliyopimwa kwenye baridi ya kwao hupanda mgandamizo ikikaa juani kwenye Land Cruiser. Mlio mmoja ukisikika hafifu, anasimama hapohapo, anatoa risasi zote na kuuchungulia mtutu kutokea nyuma kabla ya kugusa kifyatuo tena. Ama mwenye leseni wa hapa, bei inamuumiza kweli; hilo apeleke kwa wanaopanga ushuru na vibali vya kuagiza.