Ubaguzi wa rangi kwenye tiba uko mpaka kwenye kidude tunachobanwa kidoleni hapa Dar

Kila ikitoka habari ya mama mweusi kufia leba huko Marekani tunaisambaza kwenye magrupu, tunaandika poleni ndugu zetu, alafu maisha yanaendelea. Na habari zenyewe ni nzito kweli. Kwa takwimu zao wenyewe za CDC, taasisi ya serikali yao ya kudhibiti magonjwa, mwaka 2023 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai walifariki kina mama weusi 50.3, weupe 14.5, yaani zaidi ya mara tatu ndani ya nchi moja yenye hospitali za kisasa kuliko zote. Na usiniambie ni umaskini tu, maana Serena Williams, yule mcheza tenisi, alipojifungua mwaka 2017, mtu mwenye hela na jina dunia nzima, alijijua mwenyewe kwamba damu imeganda mapafuni sababu ilishawahi kumtokea huko nyuma, akaomba apigwe CT scan na apewe dawa ya kuzuia damu isigande, nesi akadhani dawa za maumivu ndo zinamchanganya. Mpaka alivyokomaa ndo wakampiga picha, na mabonge ya damu yalikuwepo kweli.

Sasa mi nachotaka kusema ni kwamba hii ishu haijaishia kule. Tunajiona tuko salama kwa vile hapa dokta ni mweusi, nesi mweusi, mgonjwa mweusi, kwa hiyo ubaguzi wa rangi hospitalini tunauona kama habari ya watu wengine. Hapana. Vifaa tunavyopimwa navyo na fomula zinazotumika maabara nyingi zilitengenezwa kwa kuangalia miili ya watu weupe, mwili mweusi ukaja kuongezewa baadae kama kitu cha pembeni, na sisi ambao karibu nchi nzima ni weusi tumevipokea hivyo hivyo bila kuuliza.

Chukua kile kidude cha kubana kidoleni, oksimita, kile ambacho wakati wa korona watu walikuwa wanakitafuta Kariakoo kwenye maduka ya vifaa tiba kama wanatafuta mkate. Kinapitisha mwanga mwekundu na mwanga mwingine usioonekana kwa macho kwenye kidole, kinaangalia ni kiasi gani kimenyonywa na damu, kisha kinakadiria oksijeni. Lakini rangi ya ngozi nayo inanyonya mwanga. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha namba za kidude hiki na damu iliyochotwa kwenye ateri, yaani mshipa unaotoa damu kwenye moyo, wakakuta kwa wagonjwa ambao kidude kinasema oksijeni yao iko kati ya asilimia 92 na 96, weusi asilimia 11.7 oksijeni yao ya kweli ilikuwa chini ya 88. Kwa weupe ni asilimia 3.6. Na miongozo ya mwaka 2013 ya FDA, mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa tiba, ambayo ndo watengenezaji walikuwa wanaifuata, ilikuwa inaridhika kifaa kikijaribiwa kwa watu 10 tu, wawili kati yao wawe na ngozi nyeusi. Wawili! Ndo mpaka Januari 2025 wametoa rasimu mpya inayotaka watu 150 au zaidi.

Mama yangu mdogo hili limempitia. Alikuwa na nimonia, tukampeleka zahanati moja huko Mbagala usiku, akabanwa kidole, ikasoma 93, kijana aliyekuwa zamu akasema yuko vizuri, apewe dawa arudi nyumbani. Kulikuwa na nesi wa makamo pale, yeye hakuangalia hata ile namba, alimwambia mama mdogo afungue gauni kifuani, akaweka saa yake mbele, akahesabu pumzi dakika nzima, tena kimya, sisi tumesimama tu. Pumzi 34. Mtu mzima aliyetulia anatakiwa kama 12 mpaka 20 hivi. Akamwonyesha yule kijana zile nyama za katikati ya mbavu zinavyoingia ndani kila akivuta hewa, akamvuta mdomo wa chini akaangalia rangi ya ndani, akasema, "Mwanangu, huyu mama haendi nyumbani." Tukaandikiwa rufaa usiku ule ule. Hospitali kubwa wakachoma sindano kwenye kifundo cha mkono wakachukua damu ya ateri, oksijeni ikawa 86. Alilazwa akawekewa oksijeni, akapona. Yule nesi mi namuombea dua mpaka leo, lakini afya ya watu haiwezi kutegemea bahati ya kumkuta mtu kama yeye zamu.

Na sisemi vidude vitupwe, aisee hapana, zahanati nyingi hazinavyo kabisa na kuwa nacho ni bora mara mia. Nasema anayekitumia afundishwe kwamba 93 ya kidole cheusi inaweza isiwe 93.

Kwenye figo ndo pananiuma zaidi kwa sababu pale ni watu walikaa wakaandika ubaguzi kwenye hesabu kabisa. Mwaka 1999 Marekani ilitoka fomula ya kukadiria figo zinachuja kiasi gani kutokana na kreatinini, taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja, na ndani yake kulikuwa na kipengele kwamba mgonjwa akiwa mweusi jibu lizidishwe karibu mara 1.2, kwa hoja kwamba weusi wana misuli mingi. Sasa piga hesabu mwenyewe: figo zinazofanya kazi kwa 50 zinasomeka 60, na mstari wa kuambiwa una ugonjwa sugu wa figo ni chini ya 60. Mgonjwa ule ule, damu ile ile, mweupe anapelekwa kwa mtaalamu wa figo, mweusi anaambiwa endelea na dawa zako za presha tuonane baada ya miezi mitatu. Mwaka 2021 vyama vyao vya wataalamu wa figo vilikubali hiyo nyongeza ifutwe, na kuanzia Januari 2023 hospitali za upandikizaji zikaagizwa kupitia upya foleni ya wanaosubiri figo na kuwarudishia wagonjwa weusi muda waliopotezewa.

Hiyo namba haikupimwa kwa Mtanzania hata mmoja, ilitoka kwa Wamarekani, lakini ilisafiri ndani ya mashine na programu ikafika mpaka huku. Mi nimeshashika karatasi ya majibu ya maabara moja hapa mjini ina mistari miwili, mmoja wa mtu mweusi na mwingine wa asiye mweusi, na dokta anasoma ule wa mtu mweusi bila hata kusita. Wao wamerudishiwa muda wao kwenye foleni, sisi nani ametupitia upya?

Na Dar tusijifanye hatujui tiba ya kugawana kwa rangi inafananaje. Hospitali ya Ocean Road ilijengwa na Wajerumani, ikafunguliwa 1897, ni ya wazungu, Waafrika na Wahindi walikuwa na yao iliyotokana na fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara wa Kihindi ambaye jina lake bado liko kwenye jengo la wodi pale Muhimbili. Waingereza wakaja wakaendeleza, Uzunguni huku, Uhindini kule, Waafrika Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati na sababu waliyotoa ni afya. Mipaka ile tuliifuta, leo Ocean Road ndo wanatibiwa saratani watu wa kila rangi. Kilichofichwa ndani ya mashine hakuna aliyekigusa.

TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, ndo wanaoruhusu vifaa tiba kuingia nchini, na Bohari ya Dawa ndo mnunuzi mkubwa. Hawa wakiandika kwenye masharti kwamba oksimita isiyo na ushahidi wa kujaribiwa kwa watu wa ngozi nyeusi ya kutosha haipati kibali wala tenda, wauzaji watauleta, biashara wanaitaka. Alafu maabara zote, za serikali na binafsi, ziambiwe zitoe ule mstari wa rangi kwenye majibu ya figo. Ni kubadilisha fomula kwenye kompyuta, sio kujenga jengo.

Kwa sasa kama una mgonjwa wa sukari au presha nyumbani toa majibu yake ya figo, ya zamani hasa, uliza yalipigwa kwa fomula gani na kama rangi ilihesabiwa omba yapigwe upya. Na mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano mwenye kikohozi, akivuta pumzi 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, mpeleke hospitali, na ukifika pale waambie umehesabu, hata kidude kikisoma vizuri.