Mimi na Podikasti Tumeachana Kimyakimya

Jamani, naomba nikiri: nina mwezi mzima sijasikiliza podikasti hata moja, vile vipindi vya mazungumzo vya kupakua kwenye simu, na hakuna aliyekuja kunitafuta. Aliyeninunia ni simu tu. Kila asubuhi inaniandikia, "Una vipindi 214 hujavisikiliza." Sasa hiyo ni burudani au ni deni? Mimi madeni yangu nayajua kwa majina. Hili silitambui.

Zamani ilikuwa raha bwana. Nachomeka spika masikioni, nashika sufuria. Dakika 25, kisa kimeanza, kimenoga, kimeisha, na sufuria imetakata. Siku hizi sufuria inatakata, jiko nalifuta, deki napiga, nguo naanua, na mgeni wa kipindi bado hajatajwa jina.

Ngoja niwasimulie kile cha mwisho. Kiliahidi siri moja ya kubadilisha maisha yangu. Nikasema leo ndiyo leo! Urefu wake saa 2 na dakika 41. Dakika nne za kwanza watangazaji wawili wanaulizana wameamkaje, halafu wanacheka. Wanacheka nini? Hawasemi. Kile kicheko cha watu wenye jambo lao, na wewe umesimama mlangoni na beseni lako. Dakika ya tano, tangazo la godoro. Yule yule aliyekuwa anajichekesha sasa kapoa kama yuko msibani, eti tangu alipate godoro hilo analala kama mtoto mchanga. Kaka, si wiki iliyopita ulitulilia kipindi kizima kwamba hupati usingizi? Dakika ya tisa: "Kabla hatujaendelea, bonyeza kengele." Hatujaendelea? Kwani tulishaanza?

Siri yenyewe ikatoka watu tumechoka: kunywa maji, lala mapema. Bibi yangu alinipa siri hiyo kwa sekunde tatu, tena huku ananisukumia kitandani.

Nikajaribu kurudi kwenye vipindi vya zamani, nikafungua cha mwaka 2016. Kisa kinafika patamu, likachomoza tangazo la filamu inayotoka Ijumaa hii! Kumbe matangazo huweza kuchomekwa upya pale unapopakua, kipindi kiwe kikongwe namna gani. Yaani hata kumbukumbu zangu zimepangishwa.

Na hilo jina lao nalo ni kituko. Mwaka 2004 mwandishi wa habari Mwingereza, Ben Hammersley, aliandika makala kwenye gazeti la Guardian, akapendekeza majina ya kitu hiki kipya. Moja, "podcasting", alilipata kwa kuunga iPod, kile kidude cha Apple cha kusikilizia muziki, na neno la Kiingereza la kutangaza, "broadcasting". Basi likaganda. iPod yenyewe Apple waliiacha mwaka 2022. Mwenye jina kaenda zake, warithi bado wanaongea tu.

Rafiki yangu akanishauri niongeze kasi, iwe mara mbili ya kawaida. Nikaongeza. Wakaongea kama nyuki waliochokozwa, na kilichoniuma ni kwamba hakuna nilichokosa. Tatizo kasi ile ikanikaa kichwani. Jioni mke wangu ananieleza jambo la maana, nikajikuta kidole kiko hewani kinatafuta pale pa kumrusha mbele sekunde 30. Akakiona kidole. Tuyaache hayo.

Ningekuwa nimeshafuta programu yenyewe na kuisahau, ila shemeji naye kaanzisha podikasti yake. Anarekodi ndani ya kabati la nguo, mlango umefungwa, ili sauti isipige mwangwi. Tukikutana hata salamu haijaisha: "Shem, umesikiliza?" Namjibu, "Aisee, ulivyofika pale, nilicheka!" Miezi mitatu jibu hilo limenilinda. Juzi akakunja uso. "Pale wapi?" Nikasema pale katikati. Akasema katikati alikuwa anaeleza alivyong'olewa jino.

Nikadhani urafiki umekwisha. Kumbe mwenzangu kapata mada. Jumamosi nimealikwa niwe mgeni wa kipindi, tuzungumzie watu wasiosikiliza wenzao. Nimeshaenda kulikagua kabati. Tunaenea wawili, mmoja akipiga magoti, na koti lake la mvua litakuwa linanigusa uso. Nikamuuliza tutachukua muda gani. Akacheka kile kicheko chao.