Usugu wa dawa: kidole kimemwelekea mnunuzi, bomba la wodini limesahaulika

Kila mwaka, tarehe 18 hadi 24 Novemba, dunia huadhimisha wiki ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Hapa Kampala ujumbe unaosikika zaidi huwa uleule: usinunue antibayotiki bila cheti cha daktari, usiache dozi njiani. Ni ujumbe wa kweli. Ila anayeusikiliza huondoka akiamini kwamba bakteria sugu wameletwa na mama aliyenunua vidonge vinne vya amoksilini kwa kuwa fedha ya dozi nzima hakuwa nayo. Nimewasikia hata wahudumu wa afya wakisema hivyo. Nadhani wanamwonea.

Hoja yao ina uzito, na tuipe haki yake. Dawa huua bakteria dhaifu na kuwaachia uwanja wachache waliokwisha kuwa sugu. Kadiri inavyotumika ovyo, ndivyo hao wachache wanavyozaana. Ufini walipopunguza matumizi ya dawa za jamii ya erithromaisini mwanzoni mwa miaka ya 1990, usugu wa streptokoki wa kundi A, bakteria wanaosababisha maumivu ya koo, ulishuka kutoka asilimia 16.5 mwaka 1992 hadi asilimia 8.6 mwaka 1996. Anayetaka sheria ya maduka ya dawa isimamiwe kwa nguvu ana pa kusimama.

Lakini katika muongo huohuo Uingereza ilionja kitu kingine. Madaktari wake waliacha karibu kabisa kuandika sulfonamaidi, antibayotiki za zamani. Bakteria wa E. koli walipopimwa katika hospitali moja ya London, waliokuwa sugu kwa dawa hiyo mwaka 1991 walikuwa asilimia 39.7. Mwaka 1999, dawa ikiwa imeshasahaulika, walikuwa asilimia 46.

Kwa nini usugu haukushuka? Jibu liko kwenye jeni zenyewe. Nyingi za jeni za usugu hukaa kwenye plasmidi, vipande vya DNA vyenye umbo la pete vilivyo nje ya kromosomu ya bakteria. Pete moja hubeba jeni za usugu dhidi ya dawa tatu, nne, tano, zikiwa zimepangana. Ukitumia dawa yoyote kati ya hizo, unazilinda zote. Ni kama abiria wa teksi moja, gari likiondoka kwa ajili ya mmoja, wote wamefika. Tena bakteria hakai na pete hiyo peke yake. Hujishika na mwenzake, akampa nakala. Mwenzake si lazima awe wa aina yake: E. koli aweza kumpa Klebsiela, bakteria wa aina nyingine, aliye kwenye mpira wa mkojo wa mgonjwa wa kitanda cha pili. Kwa hiyo tunapouliza usugu umetoka wapi, swali la nani alitumia dawa vibaya ni nusu tu. Nusu ya pili ni nani alimgusa nani.

Kuna utafiti wa hospitali ya Mulago uliochapishwa mwaka 2015 ambao kila nikiusoma hunikosesha raha. Bakteria 196 kutoka kwa wagonjwa walichunguzwa kama wanavunja karbapenemu, dawa za sindano tunazozikimbilia nyingine zikishindwa. Vipimo vya kawaida vya maabara viliwanasa 44. Vipimo vya jeni vilizikuta jeni za kuvunja dawa hizo kwa 56. Hesabu ni rahisi: wasiopungua 12 walikuwa na silaha mfukoni bila kipimo cha kawaida kuwashtukia. Daktari angeambiwa bakteria huyu hana tatizo, mgonjwa angelazwa pamoja na wengine, na pete ingeendelea kugawiwa kimyakimya. Hiyo ni hospitali kuu ya taifa, yenye maabara. Hospitali za wilaya ambako sampuli ya damu haioteshwi kabisa zingewanasa wangapi?

Watano kati ya wale 196 walikuwa na jeni ya NDM-1, mojawapo ya hizo zinazovunja karbapenemu. Jeni hiyo ilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 2008, kwa mgonjwa nchini Sweden aliyekuwa amelazwa India. Karbapenemu si dawa anayouziwa mama wa vidonge vinne. Hutiwa kwenye mshipa, wodini.

Mwaka jana nilimuuguza dada yangu katika hospitali moja nje ya jiji. Bomba la wodi lilikuwa kavu. Sisi wauguzaji ndio tuliobeba maji kwa jeriken, tukanunua glavu na sabuni, tukalala kwenye mikeka chini ya vitanda. Mikono iliyombadilisha shuka dada yangu ndiyo iliyomsaidia bibi wa jirani kunywa uji, kwa sababu hakuwa na mtu. Nesi alikuwa mmoja, usiku mzima. Nani atamwambia huyo anawe mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa, na anawe kwa maji yapi?

Mwaka 2018 watafiti walilinganisha nchi 103 wakakuta kwamba usugu unafuatana zaidi na hali ya miundombinu na utawala kuliko wingi wa antibayotiki zinazotumika. Na makadirio yaliyotolewa katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 yanasema kwamba, katika nchi za kipato cha chini na cha kati, usafi wa mikono, usafi wa wodi na utakasaji wa vifaa ungeweza kuzuia vifo vinavyohusiana na usugu vipatavyo 337,000 kila mwaka. Zaidi ya laki tatu, bila kuvumbua dawa hata moja.

Kweli, sabuni haitoshi. Wodi inayompa kila mwenye homa seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, inawanenepesha haohao bakteria, hata sakafu ikipigwa deki mara tatu. Lakini muulize daktari kwa nini anaitoa. Hana majibu ya maabara, na mgonjwa anazidiwa mbele yake. Na mkaguzi anayetaka kufunga duka la dawa kijijini naye ajiulize: akilifunga leo, mtoto mwenye nimonia aliye mbali na kituo cha afya ataitoa wapi amoksilini usiku huu? Wapo wanaokufa kwa kuikosa dawa, na hao hawatajwi Novemba.

Mimi ningeanza na maji yanayotoka bombani saa 24 na uoteshaji wa sampuli katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa, majibu yarudi wodini kabla dozi ya kwanza haijaisha. Kisha maduka yakaguliwe, kwa ukali kabisa. Mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa mwaka 2018 hadi 2023 uliyataja yote mawili, usafi wa hospitali na matumizi sahihi ya dawa. Dada yangu alipona. Yule bibi tulimwacha palepale, na siku tunaondoka bomba lilikuwa bado kavu.